Jina la Mwombaji

Nina miaka hamsini na mitatu, kazi yangu barua.
Si zangu. Za watu.
Meza moja kibarazani, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
viti viwili, kimoja cha mteja,
na kopo la pini lililokuwa la maziwa ya unga.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na m mgonjwa.
Usipoibonyeza kwa hasira, haigongi.
Wakaja wazee wa mkonge, vidole vimechanjwachanjwa na miiba,
nikaandika "malipo", ikatoka "alipo",
kana kwamba fedha zao ni mtu aliyetoroka
nasi tunamuulizia kwa wakubwa: alipo, alipo.
Nilirudi na kalamu, nikaichomeka m kwa mkono.

Nimewadaia watu wa reli, wa bandari,
wa viwanda ambavyo leo ni kuta na popo.
Fomu zote nazijua, mbele na nyuma.
Najua pa kuweka kidole gumba.
Waliopata waliniletea sukari, kilo moja.
Waliokosa walirudi, nikawaandikia ya kukumbushia, bure.

Miaka ishirini na minane hivyo,
mpaka alipokuja Mzee Shekiondo, afuatilia mafao ya marehemu mkewe,
akanitazama nikigonga, akauliza bila ubaya,
kama mtu anayeuliza saa:
"Na yako, Mama Mhina, ataiandika nani?"

Nikacheka. Nikakosea mstari.

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya karatasi iliyoharibika:
ada ya Kilua, ada ya Mhina,
bati za kaka, alizomwezekea mke wa pili,
kadi za michango, harusi hamsini na ngapi sijui;
biriani nimeila, pesa sikuiona tena.
Husemwa haba na haba hujaza kibaba.
Sawa. Changu kilikuwa na tundu,
na tundu lenyewe niliita ndugu.

Afisa wa mfuko ni kijana, mikono laini,
kasomeshwa na mtu kama mimi.
"Mama, umechelewa," akasema,
halafu akaona haya: "Lakini si sana."
Elfu thelathini kwa mwezi, miezi themanini na minne:
milioni mbili, laki tano na elfu ishirini, faida mbali.
Nikamwomba arudie. Akarudia.
Haikuongezeka.

Nimeacha chapati ya saa nne.
Kadi ya harusi ya kwa Mbaruku nimeirudisha na maneno:
pesa sina, ila masufuria nitaosha.
Wamenuna. Masufuria nimeosha.
Mhina kapiga simu toka Mwanza:
"Mama, unahangaika nini, akiba yako si mimi?"
Wewe, nikamwambia, ni mwanangu.
Akiba haiugui, haioi, haina mkwe.
Akanyamaza. Salio likamwishia, au alikata.

Leo, kabla mteja wa kwanza hajafika,
nimeketi kwenye kiti cha mteja, nionje.
Kumbe kinayumba.
Miaka yote hii watu wamekaa hapa wakiyumba
na hakuna aliyenambia.

Nikahamia upande wangu. Kompyuta ya mtumba, m nzima kabisa.
Jina la mwombaji.
Vidole vilivyoandika majina elfu vikasita hapo
kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue.
Yudita Sekibaha.
Kazi: mwandishi wa barua. Nikafuta. Nikairudisha.
Nikaandika "malipo", polepole,
nikainama kwenye kioo kuitazama ile m
kama ipo.

Ipo.

Hodi, mama mmoja, na fomu ya msiba kwenye mfuko wa rambo.
Karibu, nikasema, ngoja kidogo usikae,
nikakunja kipande cha boksi mara mbili,
nikakiweka chini ya mguu wa kiti.